Ordi Iliyolala Ndani ya Unga

Mtu akiniletea kompyuta kuukuu, ordinateri kama tunavyosema kwetu, niitengeneze, kabla sijashika bisibisi huwa nainama kwanza, nainusa. Wateja hunicheka. Wananiuliza kama ni samaki, nataka kujua kama imeoza. Nawaacha wacheke. Mimi natafuta harufu ya unga wa mihogo, na ingawa najua siwezi kuipata tena, pua yangu haijakubali. Juzi nilifungua moja iliyokuwa imetupwa kwenye depo ya shule, vumbi jekundu la Bunia limeshikana na feni mpaka feni haizunguki. Nikapuliza, vumbi likaruka, na sijui mle ndani kulikuwa na nini, ikanijia harufu ileile. Nilivuta kiti nikaketi. Wenzangu mliokulia mji huu wakati wa vita, kila mmoja wenu ana harufu yake. Wengine ni moshi, wengine ni hema za plastiki zikichomwa na jua. Yangu ni unga, na ajabu ni kwamba ikinijia sihuzuniki.

Papa alikuwa fundi. Redio, pasi, grupu za kuzalisha umeme, mashine za kuandikia, kila kitu chenye waya au springi kilipita mikononi mwake. Ordi yetu, ndivyo tulivyoiita, alipewa na ofisi moja iliyokuwa inafunga milango yake. Walikuwa wanataka kuitupa. Ilikuwa na rangi ya maziwa yaliyochacha, nzito ajabu, na ilipowashwa ilinguruma mpaka kuku wa uani wanyanyue shingo. Papa aliiweka sebuleni, Mama akaifunika kitambaa alichokishona mwenyewe kwa kroshe, na majirani walikuja kuiangalia wakiwa wamevaa vizuri.

Papa alikuwa na desturi yake. Kila kipande alichokifungua, kabla ya kukirudisha alikitia tone dogo la verni, ile rangi ya kucha ya Mama, nyekundu kabisa. Alisema mafundi wa sokoni hawana haya: unampelekea mtu redio yenye spika nzuri, anakurudishia yenye spika ya marehemu. "Mimi naweka alama," aliniambia. "Ata baibadilishe mara ngapi, kitu yangu nitaijua." Mama alikuwa analalamika: "Verni ni ya vidole, haiko ya ordi! Siku moja utanikuta napaka grisi ku kucha." Papa alicheka tu, akarudisha kichupa mfukoni mwake badala ya mezani kwa mwenyewe.

Baada ya Bonane moja, mwaka mpya ukiwa bado mchanga, Papa alipanda lori kwenda Mahagi kutafuta vipande vya redio vinavyovuka kutoka Uganda. Jioni Mama alitafuta verni yake nyumba nzima, halafu akapiga makofi. "Eh, huyu mwanaume! Amenibebea verni yangu!" Tulicheka sana. Tulimtarajia mwisho wa wiki ileile. Lakini barabara ilifungwa nyuma yake, vita vikaingia katikati yetu na yeye, na simu wakati ule hatukuwa nayo. Mama hakupaka kucha tena.

Siku tuliposikia kwamba watu wenye silaha wanapora nyumba hadi nyumba, Mama aliangalia sebule yote, na kitu alichochagua kukiokoa ni ordi. Aliifunga kwa nailoni, akailaza ndani ya gunia kubwa, akaimwagia unga wa mihogo mpaka juu. Skrini, kibodi na printa tulivificha jikoni chini ya tenga kubwa, na kuku wetu mmoja, ambaye hakujua kuna vita, akapanda juu akaendelea kutaga. Watu wale walikuja. Walichukua magodoro, sufuria, redio, hata kitambaa cha kroshe. Mmoja alitumbukiza mkono katika gunia, akachota unga kwa kofia yake, akaenda zake. Mama alikuwa amenishika bega kwa nguvu hata alama za vidole zikabaki.

Kisha tukala ule unga. Hatukuwa na kingine. Tulikuwa tunachota kila siku, gunia linashuka, mpaka adhuhuri moja kikombe changu kiligonga chuma.

"Mama, tumefika kwa ordi," nikasema.

Mama alikuja akaangalia ndani. Nilidhani atafurahi. Alikaa chini kando ya gunia akafunika uso kwa kitenge.

Jumapili yake mjomba wangu, kaka mkubwa wa Mama, alikuja kutoka misa. Ndiye aliyekuwa anatuangalia tangu Papa akwame. Alikuwa mtu mwema, mwenye sauti kubwa hata akiomba maji. "Dada," alisema, "hapa mutakula nini? Mimi napeleka batu yangu Beni. Siku nitapata gari, weye na mutoto mutapanda na siye."

"Na Papa wa Debora akirudi?" Mama aliuliza, akinigusa kichwa.

"Kama iko hai, atauliza, atatufuata."

Hiyo "kama" niliisikia vizuri. Nilikuwa na umri wa kuhesabu meno yangu yanayoanguka, lakini nilielewa: tukienda Beni, Papa atafika, atasukuma mlango, atakuta kuku wa watu wengine.

Mama alifuta mikono. "Unipe muda kidogo, kaka. Niko na ordi. Nitaandikia batu."

"Ordi gani? Ile inakula bunga?" Mjomba alicheka mpaka akakohoa. Lakini Mama hakucheka, akaona si mchezo. "Basi, jaribu. Lakini gari ikipatikana na ordi haijakulisha, tunaenda. Tumbo haina konje, haipumuzike ata siku moja."

Mama hakuwa anaota. Alikuwa amesomea usekretari, vidole vyake vilijua herufi bila macho. Na mji mzima ulikuwa umepoteza karatasi zake katika moto: diploma, vyeti vya ubatizo, hati za mashamba. Kila mtu alihitaji kuandika ombi mahali fulani, na ofisi hazikutaka maombi ya mkono. Kilichohitajika ni mashine iamke.

Shida ni kwamba Mama alijua kuandika tu, hakujua ndani mnafanyika nini. Mimi ya ndani niliyajua, kwa sababu Papa akifungua kitu nilikuwa nakaa kati ya magoti yake. Tulipoitoa kwenye gunia, nailoni ilikuwa imechanika. Unga ulikuwa umeingia kila tundu. Tulipoondoa kifuniko, Mama alisema "Yesu wangu," kwa sababu ndani hakukuonekana mashine, kulionekana chakula.

"Nipe, Mama. Mimi najua."

"Weye unajua nini?"

"Papa alikuwa anapuliza na pompe ya kinga, hapana na mudomo. Mudomo iko na mate."

Akaniangalia, akatikisa kichwa. "Haya. Mutoto akililia wembe, mupe."

Tuliazima pompe ya baiskeli, na kinga kwetu ni baiskeli, kama mjuavyo. Mama alipampu, mimi nikaelekeza mpira, unga ukaruka uani mweupe, kuku wakakimbilia kudonoa. Tulikata manyoya ya mbuzi tukafunga kwenye kijiti, nikapangusa kila pembe. Palipokuwa pameshika ukungu tulisugua kwa kitambaa chenye lotoko, pombe kali ya jirani, na Mama alitubu kwa Mungu kabla ya kwenda kuinunua, akapita njia ya nyuma asionekane. Kila nilipofuta, tone jekundu lilijitokeza: moja kwenye feni, moja kwenye waya, moja kwenye kila bisi, yaani skrubu. Nilikuwa nayasalimia. Mama akiyaona alikuwa anageuza uso upande mwingine.

Jirani mwenye mashine ya kusaga alituruhusu kuvuta waya kutoka kwa grupu lake. Tukawasha. Feni ikazunguka, ikatutemea unga wa mwisho usoni, halafu ordi ikaanza kulia: biiip, ndefu, ikanyamaza, biiip tena. Skrini ikabaki nyeusi.

"Imekufa," Mama alisema.

"Haiyakufa. Inaita." Papa alikuwa amenifundisha hivyo: mashine ikilia ndefu vile, inalalamika kwamba kumbukumbu yake haijashika mahali pake. Nilizima, nikachomoa kile kibao kirefu chembamba chenye meno ya dhahabu, nikachukua gomu yangu ya shule ya kufutia penseli, nikasugua meno yale polepole mpaka yang'ae, kama Papa alivyofanya. Nikarudisha, nikabana mpaka pande zote mbili zilie "ka!" Nilipowasha tena, ordi ilipiga kengele moja fupi, na maandishi meupe yakapanda kwenye skrini.

Mama alinibeba akazunguka na mimi uani, mikono yake inanuka pombe, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya juu. Sijawahi kumpenda mtu kama nilivyompenda Mama saa ile.

Kitu kimoja tu. Ordi ilituomba tubonyeze F1 kabla ya kuendelea, na kila tulipoiwasha iliomba tena. Na tarehe yake ilikuwa ya ajabu. Ilisema leo ni Januari mosi, ya mwaka wa nyuma, kabla vita havijafika kwetu. Tukizima jioni, kesho yake ni Januari mosi tena, mwaka uleule.

Mama aliona ni kero. Mimi niliona kingine kabisa. Mwaka ule niliukumbuka vizuri: Bonane ile tulichinja jogoo, Papa alivaa shati la mistari, akanibeba mabegani kwenda kuwasalimia majirani. Kwa akili zangu za wakati ule ordi haikuwa imekosea. Ilikuwa imelala ndani ya unga, vita vikapita juu yake haikuviona, na kwake bado ilikuwa siku ile. Papa alikuwa hajapanda lori. Ningeweza kufungua ordi kila siku nikawa mahali ambapo Papa yuko nyumbani. Kwa hiyo kila asubuhi, Mama akibonyeza F1, mimi nilikuwa nanong'ona: "Bonane, Papa." Sikumwambia mtu. Nilikuwa na furaha iliyofichwa, nikaenda nayo shule na kurudi nayo.

Wateja wakaanza kuja. Printa ya zamani ya Papa ilikuwa inakwaruza kama paka mlangoni, lakini ilitoa karatasi, na watu walitulipa kwa mayai, chumvi, mara nyingine makaa. Halafu siku moja mzee mmoja alirudi na karatasi yake amekasirika. Ofisini walimfukuza: ombi lina tarehe ya zamani, la kabla hata nyumba yake haijaungua. Ile programu ya Mama ilikuwa inaweka tarehe yenyewe, na Mama kwa haraka hakuitazama. Alimwandikia upya, akaomba msamaha. Lakini akaja mwingine, na mwingine, na habari ikaenea kwamba karatasi za Mama Debora zinarudishwa. Kila aliporekebisha tarehe kwa mkono, grupu lilizimika na kuwaka, na ordi ikarudi kwenye Bonane yake. Wateja wakapungua. Mjomba alipita akaona benchi letu tupu. "Gari ninaipata karibuni," alisema. Safari hii hakucheka.

Mama akafungua mashine mwenyewe. Kwa kidole alinionyesha kapile, kabetri kadogo ka duara, bapa, kanang'aa, kameshikwa katikati ya ubao. "Hii ndiyo inasaidia ordi kukumbuka siku ikiwa imezimwa?"

Nilijua. Niliitikia kwa kichwa.

"Imekufa. Tutaweka nyingine."

Nililia hapohapo. Nililia kwa sauti ya mtoto anayechapwa, na Mama akashtuka, akanivuta kwake. "Nini, mama yangu? Nini?"

"Ukiiweka, Papa atakuwa ameenda!"

Ilibidi nimweleze yote, jogoo, shati la mistari, na Bonane ninayomwambia kila asubuhi. Mama alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa na machozi lakini hakuyafuta. "Debora, sikia," alisema. "Hii mashini imesahau. Haijue kama Papa iko, haijue kama Papa hayuko. Siye ndiyo tunajua. Siye hatukusahau ata siku moja. Na nikikosa hii kapile tunaenda Beni, halafu Papa atafika hapa atakuta nani?"

Sikushawishika moyoni, lakini la Beni lilinishinda. Nilikachomoa kapile mwenyewe kwa ukucha. Nyuma yake kulikuwa na tone jekundu.

Bunia nzima haikuwa na kapile kama kale; maduka yalikuwa yameporwa mpaka rafu. Lakini barabara ya Mahagi ilikuwa imeanza kufunguka na kujifunga, na Papa Jakisa, dereva wa lori aliyekuwa anasagisha mihogo yake kwa jirani, alijitolea kukatafuta. Alikafunga kapile kale kalikokufa kwenye kona ya leso, ili aonyeshe ni saizi gani. "Mungu iko," alisema akipanda. Nikaangalia leso ile ikienda.

Alikawia. Barabara ilijifunga tena, na kabla Jakisa hajarudi, mjomba alikuja asubuhi, akasimama wima, kofia mkononi. Gari limepatikana. Linaondoka saa sita. Mama hakubishana. Alifunga vitenge vyetu mafurushi, akafunga miguu ya kuku, akavunja tenga. Ordi tuliifunga kwa nailoni mpya. Nilikaa kizingitini nikaandika kwa makaa kwenye mlango, kwa herufi kubwa, BENI, Papa asome. N iliangukia upande.

Ndipo tukasikia honi. Lori la Jakisa liliingia njia yetu limebeba watu na magunia mpaka angani, limepakwa matope hadi kwenye kioo. Alishuka, akamsalimia mjomba, akamsalimia Mama, akatoa leso mfukoni bila haraka. Nilitaka kumng'ata.

"Nimeipata," alisema. "Mama, angalia kama ndiyo yenyewe."

Mama alifungua kona ya leso. Kapile kalikuwa kapya, kanametameta. Akakageuza. Nyuma kulikuwa na tone jekundu, nene, lililofungwa likiwa bado bichi hata likashika uzi wa leso.

Mama alilikwaruza kidogo kwa ukucha, akalinusa. Halafu akapiga kelele ambayo kartie yote, yaani mtaa mzima, ilisikia: "Verni yangu! Huyu mwizi! Verni yangu!"

Jakisa akaangua kicheko, akaketi juu ya furushi letu. "Basi sasa ninaweza kusema," akasema. Alituambia kwamba pale soko la Mahagi kila aliyemwonyesha kapile alimwelekeza kwa fundi mmoja wa redio, mtu wa Bunia. Yule fundi alikageuza, akaona tone jekundu. Akauliza ni nani kamtuma. Jakisa akasema mama fulani na kabinti kake. Fundi akajibu kwamba aliambiwa nyumba yake iliungua na watu wake walikimbilia Beni, ameuliza Beni kote kupitia madereva, hakuna. Labda mashine imeporwa iko kwa wengine. "Akaniambia: peleka hii mupya. Huyo mama akiona alama akitaja verni yake, mwambie ninakuja. Asipotaja, nyamaza, rudi."

Mjomba alivaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena. Kisha akainama akaanza kufungua kamba za miguu ya kuku, peke yake, bila kuambiwa.

Tuliitoa ordi kwenye nailoni. Mama aliweka kapile mahali pake, akanisogezea kibodi. "Weye andika siku ya leo." Ilibidi tumuulize Jakisa ni tarehe ngapi. Niliandika kidole kwa kidole, siku, mwezi, mwaka ambao sikuutaka. Kisha tulizima, tukachomoa waya kabisa, tukangoja, tukawasha. Haikuomba F1. Ilisema ni leo. Sikulia. Kwa mara ya kwanza nilitaka iwe leo, kwa sababu kuanzia leo Papa alikuwa njiani.

Papa alishuka kwenye lori siku ya soko, mwembamba, ndevu zimemtoka, mfuko wa vyombo begani. Kwanza alisimama mlangoni akasoma ile BENI yangu, akaifuta kwa mkono wa shati. Nilimshika mguu nikakataa kuuachia, akatembea nao hivyo hadi uani alipokuwa Mama. Papa akatoa kile kichupa mfukoni, kilibaki na rangi kidogo tu chini. Akamshika Mama mkono, akamkalisha juu ya benchi la wateja, mchana kweupe, mjomba anaona, wateja wanaona, akaanza kumpaka kucha kwa mkono wake wa fundi, kidole hadi kidole, ulimi umetoka kwa umakini.

"Haya," alisema alipomaliza. "Sasa ata baibadilishe mara ngapi, kitu yangu nitaijua."

"Mimi niko kitu?" Mama alimpiga kifuani kwa mkono ule kabla rangi haijakauka, na shati lile likabaki na vidole vinne vyekundu mpaka lilipochakaa.